Matoka ya Mpakani Kwenye Madebe ya Ofisi

Kwako Baba Mdogo Nyaga, uliyelala pale kando ya chemchemi,

Sikuja kukuzika. Watu wa Karurumo waliliona hilo na wakalisema, na watoto wako wakalisema kwa sauti zaidi. Siku hiyo nilikuwa Meru, mezani kwangu, nikihariri makala ya mtu mwingine, na niliihariri hadi nukta ya mwisho. Tangu hapo nimekaa bila kukuandikia, mimi ambaye kuandika ndiyo kazi yangu, mimi niliyewaandikia maaskofu na mawaziri barua ambazo hawakuzipenda. Kilichonifanya nishike kalamu leo ni maua ya ofisini.

Tumehamisha gazeti letu dogo hadi chumba kimoja ghorofani, dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta. Karani wetu, Bi Kanana, alisema chumba kinafanana na ghala la mahindi na kinahitaji kitu cha kijani. Akaniletea karatasi yenye majina ya mimea ya ndani ambayo haitaki kazi. Alikuwa ameandika masharti juu yake kwa mwandiko wake mzuri: isitake jua, isitake maji kila siku, isiangushe majani sakafuni, isinuke, isife tukifunga ofisi kwa Krismasi. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa konge. Ya mwisho ilikuwa itoka.

"Hii ya mwisho haina shida kabisa, Madam," akaniambia. "Kwetu iko kwa debe miaka yote na haijui maji ni nini."

Nilimwambia aniondokee. Kanana aliwahi kuwafukuza polisi wawili waliokuja kubeba nakala zetu, aliwafukuza kwa fagio, lakini siku hiyo alitoka na machozi, na hakujua amenikosea nini. Nilibaki na karatasi yake. Yale masharti niliyajua. Niliyasikia karibu yote, moja baada ya jingine, kutoka kinywani mwako, nikiwa na miaka tisa, ndani ya kijiji cha Hali ya Hatari.

Wewe huhitaji kuambiwa itoka ni nini, lakini barua hii itasomwa na watu ambao si wa kwetu, na nataka waelewe. Lina tunguu kubwa chini ya ardhi na majani marefu kama mishipi. Kiangazi hulala kama limekufa. Mvua ya kwanza ikigusa udongo, linatoa maua meupe yenye mstari wa waridi. Watu wetu walilipanda mpakani kati ya shamba na shamba, kwa sababu haliozi, haliliwi na mbuzi, halihami. Mtu angeweza kumwibia jirani yake kuku, hata mke, na bado wakaketi baadaye wakazungumza. Kung'oa itoka kulikuwa jambo jingine. Mtu aliyeling'oa hakutafutiwa hata jina la kuitwa.

Na yale matoka yaliyokuwa kati ya shamba lako na shamba la baba yangu yalipandwa na mama yako mwenyewe. Babu alipokufa, mama yenu aliwaita wazee, akawasimamisha nyinyi wana wake wawili, Ireri baba yangu huku na Nyaga kule, akapiga magoti akapanda tunguu moja moja kutoka kwenye mti wa muringa ulioko juu hadi kwenye jiwe jeupe karibu na mto. Chemchemi akaiweka upande wa Ireri, kwa kuwa wewe ulipewa ng'ombe. Hadithi hiyo sikuipata kwa mama yangu. Uliniambia wewe.

Uliniambia mambo mengi. Mimi ni binti wa kwanza wa kaka yako, kwa hiyo nilipewa jina la mama yako, Muthoni, na kwa hiyo wewe, mtu mzima mwenye ndevu, uliniita Mama. "Mama, umekula?" "Mama, mbona umenuna, ni mimi nimekukosea?" Nilikuwa na miguu yenye vumbi na kamasi puani, na mwanaume aliyevaa kaki yenye vifungo vya shaba aliniamkia kwa heshima mbele ya watu. Hakuna cheo nilichopewa baadaye kilichonijaza kifua namna ile.

Baba alipochukuliwa na lori kupelekwa kambi ya kizuizini pamoja na wanaume wengine wa ukoo, wewe ulibaki kwa sababu ulikuwa tarishi katika ofisi ya tarafa. Tulipoondolewa mashambani na kubanwa ndani ya kile kijiji chenye handaki na miti iliyochongwa, kibanda chako kilitazamana na chetu. Jioni ulikuja na magazeti ya zamani uliyookota kwenye pipa la ofisi, ukayatandaza chini, ukaweka kidole juu ya neno. "Mama, hebu nione kama unajua. Hapa wanasema nini?" Nilisoma. Ulitikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Nilikuwa mkubwa nilipotambua kwamba maneno yale marefu wewe hukuyajua. Ulikuwa ukiuliza kwa kweli. Ulijifunza kusoma kutoka kwangu huku ukinifundisha, na hakuna kati yetu aliyelisema.

Naliandika hili kwanza ili mtu asiseme nimelisahau. Hapa nilipo leo, nimezungukwa na vitabu ambavyo visingeenea katika nyumba yako, na kila kimoja kilianzia kwenye yale magazeti yenye madoa ya chai ya mzungu.

Sasa nije kwenye maua.

Mke wa Bwana DO, yule mzungu mkuu wa tarafa yetu, alifika kutoka kwao, akaingia ofisini, akasema panafanana na jela. Hakukosea. Madirisha yalizibwa kwa wavu wa chuma na magunia ya mchanga, na humo ndimo watu walimohojiwa. Alitaka kitu cha kijani, na kazi ya kukitafuta ilikuangukia wewe, pamoja na masharti. Mwanga haukuwepo. Wa kumwagilia maji hakuwepo, maana Bwana DO alikuwa msituni siku nyingi akiwinda watu na wewe ulikuwa mbioni na barua. Kisiangushe majani juu ya mafaili. Kisinuke. Kisifiche nyoka.

Ulileta kangaga za mtoni, zikakauka kabla ya Jumapili. Ukaleta mgomba mdogo wa porini, ukawa wa manjano, ukalala juu ya mashine ya kupiga chapa. Ukaagiza konge kutoka kwa Wambeere kule chini kwenye joto, na hilo lilistahimili vizuri sana, hadi ncha yake ilipomchoma yule mama mguuni na kumpasulia soksi. Debe likatupwa nje. Siku hizi, Baba Mdogo, konge hilohilo linauzwa Nairobi ndani ya chungu cha kauri, na ndilo la kwanza kwenye karatasi ya Kanana.

Ulikuja kutusimulia hayo ukiwa umeshika tumbo. Ulimwambia mama yangu kwamba umeambiwa kikifa kingine utavua kaki na kwenda kuchimba handaki pamoja na wenzako. "Mama Muthoni, wengine wamefungwa kwa kiapo cha watu wa msituni. Mimi nitafungwa kwa majani." Mama alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona nyinyi wawili mkicheka pamoja, na nimeichunguza mara nyingi sana, nikitafuta kama tayari ulikuwa na wazo lile kichwani.

Wanawake waliruhusiwa kwenda mashambani kwa saa chache, homgadi, watu wetu waliopewa silaha na serikali, wakiwasimamia na bunduki, wachimbe viazi na kurudi. Siku hiyo nilimfuata mama. Alikuwa mbele yangu. Alipofika kwenye muringa alisimama, na kiondo kikamteleza mgongoni. Kutoka pale hadi kwenye jiwe jeupe kulikuwa na mashimo. Yalikuwa mashimo safi, ya mtu aliyechimba kwa uangalifu ili asikate mizizi.

Tulikukuta langoni mwa kijiji mchana uleule ukirudi na mkoba wa barua. Mama hakupaza sauti, maana homgadi walikuwa karibu na kila sauti ilikuwa hatari. Akakuuliza matoka yako wapi.

"Yako ofisini," ukasema. "Yamependwa. Ni maua tu, Mama Muthoni. Msitu umefungwa, na mtoni nako siku hizi nitapigwa risasi, ningeyatoa wapi? Mvua ikija nitayarudisha."

"Nyaga," mama akakuambia, "umeng'oa neno la mama yako."

Ukanitazama mimi. Ulikuwa umezoea kunitazama kila neno hilo, mama, lilipotajwa. Kisha ukapita.

Nimekupa haki yako katika jambo hili, na sikukupa kwa ubahili. Nimebishana na nafsi yangu kwa niaba yako, kama wakili asiyelipwa. Ni kweli msitu ulifungwa. Ni kweli ulimwogopa yule mzungu, na handaki lilikuwa likiua watu. Ni kweli kwamba kati ya mimea yote ya nchi ile, ulichagua ule uliofaa kuliko yote: tunguu linaloweza kukaa gizani mwezi mzima bila tone la maji na lisife. Kama ungeulizwa leo na Kanana, usingepata mmea bora zaidi. Nilikuwa tayari kuishia hapo. Ningeweza kusema aliogopa, akachimba pale alipoweza kufika, na mvua ikachelewa.

Lakini mvua ilikuja, ikaja tena. Hukuyarudisha. Na baadaye ikaja kamati ya kupima mashamba.

Wakati huo tulikuwa tumeshaletewa habari kwamba baba amefia kambini. Walileta habari tu, mwili hawakuuleta. Mama alinyoa kichwa, na siku ya kupimwa alisimama shambani akiwa bado na kichwa hicho. Wazee wa kamati walikuja na karani na watu wa mnyororo wa kupimia, na homgadi wakasimama kivulini. Mzee mmoja akauliza mpaka wa Ireri na Nyaga ulipita wapi. Mama akaonyesha kwa mkono: kutoka muringa hadi jiwe. Palikuwa na nyasi tu. Yale mashimo yalikuwa yamejifunika.

"Matoka yako wapi?" mzee akauliza.

"Nendeni ofisini kwa mzungu," mama akasema. "Yako ndani ya madebe."

Wakacheka. Homgadi mmoja akasema huyu mama anataka mnyororo upitishwe juu ya meza ya Bwana DO. Wakacheka zaidi. Wewe ulikuwa umesimama hapohapo katika kaki yako, mtu wa ofisi, mtu ambaye neno lake lingeandikwa bila kuulizwa mara mbili. Mzee akakugeukia. Nyaga, wewe ni ndugu, mpaka ulipita wapi?

Ukasema, "Sikumbuki."

Baba Mdogo, sikuandikii kosa kwa ajili ya mashimo. Nakuandikia kwa ajili ya neno hilo moja. Ulinisimulia mimi kila tunguu, na jinsi mama yako alivyopiga magoti, na udongo uliokuwa kwenye viganja vyake alipoinuka. Ulikumbuka hata kwamba siku hiyo alivaa shanga za bluu. Kisha ukaulizwa mbele ya mjane wa kaka yako, ukasema hukumbuki, na mnyororo ukavutwa kutoka muringa hadi juu ya kilima badala ya mtoni. Chemchemi ikawa yako, ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Sisi tukabaki na mteremko wa mawe ambako mahindi hutoka kama meno ya mzee. Tangu siku hiyo mama yangu alipotaka maji alipita kwako, na kila mara alipaswa kubisha hodi.

Hukuwahi kumkataza maji. Najua watoto wako watalisema hilo. Hukumkataza hata siku moja. Ulimkaribisha vizuri, ukamuuliza habari za mgongo.

Na ni wewe uliyebeba sanduku langu kichwani hadi shuleni Kaaga, ukaniacha langoni, ukasema, "Mama, soma hadi uwashinde." Nilidhani unawasema wazungu. Sijui tena ulikuwa ukimsema nani. Pengine ulijua kwamba siku moja kungekuwa na mtu wa ukoo anayeweza kuandika barua kama hii, na ukaamua kunipeleka hata hivyo. Siku ambazo chuki yangu hupungua, naamini hivyo. Leo siamini.

Nimeandika miaka mingi dhidi ya wakubwa wa nchi hii, na nimegundua kwamba wote, weupe kwa weusi, walikuja na karatasi ya Kanana mkononi. Wanataka watu wasiodai jua, wanaokubali kusahauliwa Jumatatu hadi Jumatatu, wasioacha majani sakafuni. Wanawaita watu wazuri, watu wa amani. Wanawaweka kwenye kona, wanawageuza kidogo wageni wakija, wanasema tazama jinsi walivyonawiri. Wewe ulikuwa mmoja wao. Bendera ilipobadilishwa hukuhama ofisi ile. Alikuja Bwana DO wa rangi yetu, ukampelekea barua zilezile kwa mwendo uleule, na matoka yakabaki kwenye kona, ndani ya madebe yaleyale. Sikusikia ukisema kwamba sasa tuko huru, tuyarudishe nyumbani. Nani angekuzuia? Mzungu alikuwa ameshapanda meli.

Basi wiki iliyopita, baada ya kumfukuza Kanana, niliondoka Meru nikaenda kwenye ile ofisi. Magunia ya mchanga hayapo, lakini wavu wa dirishani ni uleule. Nikamkuta karani mmoja, mwanaume mpole anayekaribia kustaafu, nikamwuliza kama kulikuwa na maua ya zamani.

"Haya hapa," akasema, akanionyesha nyuma ya kabati la mafaili. "Nimeyakuta, na niliyemrithi kiti aliyakuta. Hatuyafanyii kitu. Saa ingine namwagia chai ikibaki."

Yalikuwa yamejaa madebe matatu, yamezaana hadi bati limepasuka pembeni. Nikamwuliza kama yamewahi kutoa maua. Akafikiri, akasema hajawahi kuona hata moja, na kwamba alidhani ni aina ya majani tu. Nikamwambia ni ya familia yangu. Akanitazama, akatazama madebe, akasema chukua mama, tutapata nafasi ya kuweka stuli.

Nikayapeleka kwa mama. Ni mzee sana sasa, jicho moja limefunga. Alipapasa lile debe, akatoa tunguu moja, akalipima kwa mkono, akasema, "Haya yamenenepa kuliko sisi." Kisha akaomba fimbo yake.

Tulishuka pamoja polepole. Muringa ulikatwa zamani lakini kisiki kipo. Jiwe jeupe lipo, halikupata mtu wa kulipeleka ofisini. Mama akatembea kutoka kwenye kisiki, akachoma ardhi kwa fimbo kila baada ya hatua mbili, na kila alipochoma nilipiga magoti nikachimba. Nina zaidi ya miaka hamsini na magoti yangu hayakunishukuru. Watoto wako walitoka wakasimama. Njeru, mkubwa wao, ambaye ana uso wako, alikuja karibu akasema, "Dada, si tungeketi kwanza tukaongea?" Nikamwambia tutaketi, lakini yeye ataketi kwake na mimi kwetu, na baina yetu kutakuwa na kitu cha kuonekana.

Hakung'oa. Bado. Ana hatimiliki ndani ya sanduku, na mimi sina mahakama itakayonisikiliza, najua sheria kuliko yeye. Akitaka, kesho atapitisha jembe. Lakini atapitisha mchana, mbele ya mama yake mkubwa na mbele ya Karurumo nzima, na hatakuwa na mzungu wa kusingizia.

Fimbo ya mama ilipofika kando ya chemchemi ilisita, kwa sababu pale kuna kaburi lako. Ulichagua mwenyewe mahali hapo, wanasema, uliagiza kabla hujafa. Kisha mama akaichoma ardhi. Mstari ulipita nyuma kidogo ya kichwa chako. Sikuupindisha. Umelala kwetu, Baba Mdogo. Miguu, kifua, na ule mdomo uliosema hukumbuki, vyote viko upande wa Ireri. Hatutakuhamisha. Mama amesema wewe ni mgeni wetu, na mgeni hafukuzwi, anaulizwa habari za mgongo.

Kanana nimemwomba radhi. Ofisini kwetu kutakuwa na mmea, lakini si wa orodha ile. Nimemwambia atafute ule unaonyauka tukiusahau siku mbili, unaoangusha majani juu ya karatasi zetu na kutuaibisha mbele ya wageni. Ameniona mwendawazimu, lakini amekwenda kuutafuta.

Mvua haiko mbali. Ikinyesha, yale matunguu yatatoa maua kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka tisa, na hapo kutoka kisikini hadi kwenye jiwe kila mtu atakumbuka mpaka ulipita wapi, hata wewe. Yalipandwa mara ya kwanza na mwanamke mmoja mbele ya wanawe wawili. Yamepandwa mara ya pili na mwanamke mwenye jina lake, ambaye wewe mwenyewe ulimlea ukimwita Mama. Sikusamehe, mwanangu. Kaa hapo usikie mvua ikija.

Ni mimi,
Mama yako, Muthoni.